Nguruwe Aliyemjua Mama Yake: Fikara juu ya Batumbula

Kila mtu aliyekulia Lubumbashi, hasa katika komini za Kenya, Katuba na Kamalondo, aliwahi kuambiwa na wakubwa: "Jua ikiingia, na weye ingia." Ukiuliza sababu, jibu lilikuwa moja tu: batumbula. Vijana wa leo wanalisikia neno hilo kama mchezo wa kutisha watoto. Lakini wazee wetu, wale walioishi mji ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, hawakucheka walipolitaja. Walipunguza sauti.

Mimi nilipata hadithi hiyo kwa nkambo yangu, mama wa mama yangu, katika lupango letu. Alikuwa anachambua sombe, na sisi wajukuu tulikaa chini kwenye mukeka. Alisimulia hivi. Kijana mmoja alikuwa na kazi ya boyi kwa mzungu mjini. Jioni, wakati wa kurudi cité, alipita peke yake pale ambapo hakuna nyumba. Batumbula walimngoja katika majani. Hawakumpiga. Walimgusa tu na dawa, naye akanyamaza, akili ikalala, akawafuata kama mbuzi. Walimweka katika shimo, wakampa chakula kingi. Kila siku alikula, kila siku alinenepa. Manyoya yakaota, mikono ikawa miguu, sauti ikawa ya nguruwe. Karibu na Noeli wakamtoa nje pamoja na wengine ili wachinjwe kwa karamu ya wazungu.

Siku ile, alisema nkambo, mama ya kijana alipita hapo na kikapo kichwani. Nguruwe mmoja akatoka kati ya wenzake, akaja kwake, akalaza kichwa juu ya miguu yake, akatoa machozi. Mama akaogopa. Akamfukuza na fimbo.

Nilimuuliza:

"Nkambo, mama yake hakumujua?"

"Hakumujua."

"Na ule nguruwe?"

"Ule alimujua mama yake. Alimujua muzuri sana. Njo maana alilia."

Miaka mingi imepita tangu jioni ile, na majibu hayo mawili yangali yananisumbua. Ndiyo maana katika kitabu hiki cha mila zetu sitaki kuuliza kama batumbula walikuwepo kweli ao hapana. Swali langu ni lingine: mtu akigeuzwa sura ili adharauliwe, nani anafanya kazi hiyo ya kumgeuza? Mwenye dawa peke yake? Ao kuna wengine?

Kwanza tuseme kwamba hadithi hii si ya nkambo yangu tu. Neno mutumbula linakaribia neno kutumbua, ni kusema kupasua. Mtafiti Rik Ceyssens aliandika juu ya mutumbula mwaka wa 1975, akaiita hadithi ya mwenye kuonewa. Mwaka wa 2000 Luise White, mwanamke wa historia kutoka Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya habari za namna hii katika Afrika ya mashariki na ya kati. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi inayoitwa leo Zambia, watu waliogopa banyama. Nairobi na Kampala waliogopa wazimamoto. Pwani walisema mumiani. Huko kwingi habari ilikuwa ya damu: mtu anakamatwa, damu yake inatolewa. Kwetu Katanga hadithi iliongeza jambo ambalo mimi naona ni zito kuliko damu. Mtu hafi mara moja. Kwanza anaondolewa sura yake ya utu.

Wasomi wanatuambia kwamba hadithi hizi zilizaliwa na maisha ya ukoloni, na ukiangalia vizuri unaona namna gani. Kijana aliletwa kutoka mugini mwake kufanya kazi ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Daktari alimpima mwili. Akapewa nyumba katika kambi na poso ya kila juma: unga, nyama, chumvi. Alikula, lakini hakuchagua chakula. Akawa na nguvu, lakini nguvu hizo zilikuwa za bwana. Mtu anayelishwa na mwingine, bila kuambiwa mwisho wake ni nini, lazima siku moja atajiuliza: huyu ananinenepesha kwa sababu gani? Hadithi ya nguruwe ndiyo swali hilo hilo, ila limesemwa usiku, kwa sauti ndogo.

Na wale waliouliza mchana, kwa sauti kubwa, wakajibiwa nini? Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu. Walisema maneno ya watu. Wakajibiwa na risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba ya wenzake. Nguruwe wa nkambo alikuwa na machozi bila maneno. Hawa walikuwa na maneno, lakini masikio yaliyowasikia yalisikia mlio tu.

Watu wengine watasema: basi mwenye kosa amejulikana, ni mkoloni, tumalize habari. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini turudi kwa hadithi. Mzungu haonekani ndani yake mpaka mwisho, na wakati huo yuko mezani. Batumbula wenyewe walikuwa watu weusi, watu wa cité kama sisi. Na fimbo ya mwisho ilikuwa mkononi mwa mama. Wazee wangeweza kusimulia bila mama huyo. Kijana angekamatwa, angegeuzwa, angechinjwa, na sisi watoto tungeogopa vya kutosha. Kwa nini walimweka?

Kabla ya kujibu tuangalie kitu kingine. Kugeuka mnyama, peke yake, si haya. Katika masimulizi ya kwetu, mfalme ao mwindaji mkubwa anaweza kugeuka simba, na watu wanamwogopa na kumheshimu zaidi. Mwili umebadilika vilevile: manyoya, makucha, miguu minne. Mbona yule ni heshima na huyu ni aibu? Kwa hiyo aibu haiko katika manyoya. Simba anaangaliwa kwa hofu, nguruwe anaangaliwa kama nyama. Ni jicho la mwenye kuangalia linaloweka tofauti.

Padri Placide Tempels, aliyeishi kati ya Baluba, alitoa hapa Elisabethville mwaka wa 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Wasomi wetu wamekikosoa sana, na wana haki, maana alisema kwa niaba yetu kana kwamba sisi hatuna kinywa. Hata hivyo kuna fikara moja ndani yake ambayo wazee wangu wangeikubali: kwamba kuwa mtu ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo inaweza kuongezwa ao kupunguzwa na watu wengine. Hakuna mtu anayekuwa mtu peke yake. Ukinisalimia kwa jina langu, unaniongeza. Ukipita kana kwamba sipo, unanipunguza. Kama ni hivyo, dawa ya batumbula haina siri kubwa. Ni kupunguza mtu mpaka asionekane tena, na kazi hiyo inaweza kufanyika bila dawa yoyote.

Mfano tunao karibu. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu cha hapa, historia ya mji wa Elisabethville. Kazi hiyo ilitoka kwa watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani za wazungu. Mbwana alikuwa akiita "boy", na mtu aliyeitika alikuwa baba ya watoto sita, wakati mwingine na mvi kichwani. Hakuna uchawi hapo, ni neno tu. Lakini neno lilichukua mzee na kumrudisha utoto, mbele ya bibi yake na watoto wake, kila siku, kwa miaka. Na sisi wenyewe tulilipokea, tukalifanya jina la kazi: boyi. Mpaka leo utasikia katika mji huu mtoto wa miaka kumi akimwita baba mzima "boyi wetu".

Mwandishi mmoja Mwafrika wa zamani sana alifahamu jambo hili. Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika katika karne ya 2 hadithi ya kijana aliyejipaka dawa ya mchawi akageuka punda. Akili yake ilibaki ya mtu. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini akitaka kusema inatoka sauti ya punda, nao wanampiga. Kati ya Madauros na Lubumbashi kuna jangwa na msitu, na kati yake na nkambo yangu kuna karne nyingi, lakini wote wawili walisema neno moja: mateso ya aliyegeuzwa ni kujua yeye ni nani wakati wengine hawajui tena.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka 12. Karibu na lupango letu aliishi mama mzee aliyeuza kalanga. Tulimwita Nkambo Kalanga. Alikaanga kalanga zake juu ya moto wa kuni tangu asubuhi, miaka na miaka, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mgongo ulikuwa umepinda kwa sababu ya mizigo. Mimi alinipenda. Kama wankambo wote wanavyotania wajukuu, aliniita "bwana yangu", na kila nikinunua aliniongezea mkono mmoja wa kalanga bila kulipa. Macho mekundu niliyaona kila siku, na sikuyaona. Yalikuwa macho ya Nkambo Kalanga.

Halafu mtoto wa jirani akafa na homa. Katika kikundi kimoja cha maombi, mtu akasema ameona katika ndoto mwanamke mzee mwenye macho ya moto. Hakutaja jina. Hakukuwa na lazima ya kutaja. Kabla ya juma kuisha, watu wa avenyu yetu walimwona mama mwingine kabisa. Macho mekundu sasa yalikuwa macho ya muloshi. Mgongo uliopinda ulikuwa umebeba kitu kisichoonekana. Kalanga zilikuwa chambo ya watoto. Ndugu msomaji, hakuna hata unywele mmoja uliobadilika juu ya mwili wake. Hakuna mtu aliyemgusa na dawa. Lakini aligeuzwa sura, na niliona kwa macho yangu namna inavyofanyika.

Siku moja nilikuwa na wenzangu, tulimkuta njiani. Wenzangu wakaanza kuimba "muloshi, muloshi". Mmoja akatupa jiwe. Mama akasimama, akatafuta kati yetu, akaniona. Akasema:

"Bwana yangu, ni mimi."

Wenzangu waliniangalia. Nikajibu: "Simujue huyu." Wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Hakulia, hakulaani. Aliinamisha kichwa, akapita. Mtoto wake mwanaume alikuja kumchukua siku chache baadaye, wakaenda mugini. Nilisikia kwamba alikufa huko kabla ya miaka miwili. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na nafasi ya siku tatu ao nne, na njia ya hatua thelathini kutoka mlango wetu mpaka wake.

Ndiyo maana nafikiri najua sababu ya mama kuwekwa katika hadithi. Batumbula walibadilisha mwili wa kijana, lakini uchawi haukuwa umemalizika. Uchawi wa kumdharaulisha mtu unahitaji wenye kuangalia. Mwenye dawa anaanza kazi. Anayemaliza ni yule aliyekuwa anamjua, akasema simujue. Kama ningejibu, "Jambo, nkambo," labda wenzangu wangenitupia mimi pia jiwe. Labda mambo ya avenyu yangeenda vilevile. Lakini kwa mtu mmoja angebaki Nkambo Kalanga, na angejua kwamba amebaki.

Najua wasomaji watakuwa na maneno mawili ya kunijibu.

Wa kwanza atasema: "Wewe unafanya kana kwamba buloshi haipo. Mambo haya yapo." Sitabishana naye hapa. Tuseme yapo. Hata kama kuna mtu mwenye dawa ya kweli, sehemu yetu sisi wenye kuangalia inabaki yetu. Hakuna dawa iliyonilazimisha kucheka. Tena hofu ya kugeuzwa mwili inaweza yenyewe kugeuza watu. Mwezi wa 4 mwaka wa 2008, huko Kinshasa, habari ilienea kwamba kuna watu wanaoiba uume wa wanaume ao kuupunguza kwa kuwagusa tu. Polisi ilikamata watu 13 walioshukiwa uchawi huo, na tena wale 14 waliosema wameharibiwa, kwa kuogopa damu isimwagike. Angalieni jambo hilo: mtu amepanda teksi, amemgusa jirani, na katika dakika moja yeye si mpita njia tena, ni mnyama wa kuwindwa. Waliolia kwamba wamegeuzwa mwili walikuwa na miili yao. Aliyegeuzwa ni yule aliyeonyeshwa kidole.

Wa pili atasema: "Mama katika hadithi hana kosa. Angejuaje? Aliona nguruwe." Neno hili ni gumu zaidi, na nimelifikiri sana. Ni kweli, yeye alidanganywa, na sisi mara nyingi tunadanganywa vilevile. Simhukumu kama ninavyojihukumu, maana mimi nilijua. Lakini kulikuwa na ishara moja: machozi. Nguruwe hatoi machozi juu ya miguu ya mtu. Mama hakuhitaji kujua kwamba huyu ni mtoto wake. Alihitaji kusimama kidogo, kuuliza moyoni: "Kitu hiki kinachonililia ni nani?" Hofu ilimkataza kuuliza. Mila haiwezi kutudai tujue kila kitu. Inaweza kutudai tusimame kabla ya kuinua fimbo.

Sheria imefanya sehemu yake. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kuwasingizia watoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo kwa mwenye kufanya hivyo. Ni vizuri, na ingefaa wazee nao wakumbukwe kwa nguvu hiyo hiyo. Lakini sheria inamkamata mwenye kushitaki tu. Haiwezi kumlazimisha jirani kusalimia. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani anayelala karibu na soko, sheria inaweza kumtafutia kitanda; haiwezi kumwita kwa jina alilopewa na baba yake. Kazi hiyo ni ya mila.

Na mila zetu zina dawa ya kazi hiyo, dawa ya kawaida sana mpaka tunaidharau: salamu. Nkambo yangu, ambaye Kibemba kilikuwa lugha yake ya kwanza, hakupita mbele ya mtu asubuhi bila "mwashibukeni", hata kama ni kichaa wa sokoni, hata kama ni mtu ambaye lupango zima lilikuwa limemkatia maneno. Sisi watoto tulimwonea haya. Tulifikiri ni uzee. Siku moja mama yangu alimwambia aache kumsalimia mwanamke fulani kwa sababu watu wataanza kusema. Nkambo akajibu: "Basema. Mi namusalimia mutu."

Leo umeme ukikatika jioni, wajukuu wangu wanakuja kuniomba hadithi, na mara nyingi wanachagua ya batumbula, kwa sababu wanapenda kuogopa. Zamani niliimaliza kwenye shimo na chakula, maana hapo ndipo wanapiga kelele. Sasa naifikisha mpaka kwa mama na kikapo chake. Hapo hawapigi kelele. Wananyamaza, halafu mmoja wao anauliza, kila mara, kama mama angemwita mtoto wake kwa jina ingekuwa namna gani.

Nkambo yangu hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Kwa hiyo nawaambia ninachokiamini mimi: angeitika.